Kichupa cha Thelathini na Saba

Kichupa cha damu hakitikiswi, kinageuzwa. Unakilaza, unakiinua, unakilaza tena, mara nane au kumi, kwa upole wa mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Nimewaona vijana wenye vyeti viwili wakikitikisa kama chupa ya sosi kwenye kibanda cha chipsi, halafu wanashangaa maji ya damu yakitoka na rangi ya waridi. Rangi hiyo maana yake umezipasua chembe nyekundu, na vilivyokuwa ndani yake vimemwagikia kile ulichotaka kupima. Tupa. Rudi kwa mgonjwa, mwombe radhi, mchome tena, na uone atakavyokutazama.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo ninalolijua. Watu huniita Mama Wangari. Nilisoma hadi kidato cha pili, nikaanza kazi katika kituo kimoja cha macho mjini Nyeri nikipiga deki, na nikastaafu nikiwa mtu ambaye madaktari walimwita kila mshipa ulipojificha. Miaka yangu ya mwisho niliwekwa kwenye utafiti wa RNA na macho ya wenye kisukari. Mkuu wa kituo ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hiyo sasa. Nadhani alitaka maneno matamu ya bibi mstaafu. Hayo sina. Mume wangu, Baba Wangari, alipofuka kwa kisukari huku mimi nikienda kazini kila asubuhi kuchunga macho ya watu wengine, na mwaka jana tulimzika. Katika kupofuka kwake kuna tiki moja niliyoiweka mimi kwa kalamu. Nitafika hapo.

Kwanza RNA, maana najua mtajifanya mnaielewa. Mimi nilijifanya miezi miwili. Daktari Mutegi, kijana aliyeongoza utafiti, alikuwa akituonyesha picha ukutani zenye mishale mingi, nasi tunatikisa vichwa kama kondoo walioona chumvi. Siku moja nikachoka kujifanya. Nikamwambia anieleze kama anayemweleza mama yake. Akaniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nikamwambia ni mkaguzi kwenye kiwanda cha kahawa, kule Wamagana.

"Haya. Kiwandani kuna wanaobeba magunia, wanaoendesha mashine, wanaoosha kahawa. Hao wote kuna kitu wanatengeneza. Mumeo anatengeneza nini?"

"Hakuna. Anasimama tu pale anaangalia kahawa za watu."

"Na akisema hii haiingii?"

"Haiingii."

"Basi huyo ndiye RNA ninayemtafuta."

Sijasikia maelezo bora tangu siku hiyo, na nimekaa kwenye mikutano mingi yenye mandazi. Mwilini kuna RNA zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini, na kuna nyingine nyingi zisizotengeneza protini yoyote. Zamani wasomi waliziona takataka. Msomi asipojua kazi ya kitu hukiita takataka. Mimi pia nimewahi kuitwa hivyo, kwa adabu kidogo. Baadaye wakagundua kwamba hizo zisizobeba kitu ndizo zinazonyamazisha agizo hili na kuliachilia lile. Sukari ikikaa juu kwa miaka, baadhi yake huzidi na nyingine hupungua, na mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho inaanza kupokea maagizo ya ovyo. Ya zamani inavuja. Mipya inaota mahali pasipofaa, dhaifu kama nyuzi za buibui, kisha inapasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Baadhi ya RNA hizo huingia kwenye damu inayozunguka mwilini. Daktari Mutegi alitumaini kwamba siku moja damu kidogo ya mtu wa Kianyaga, ambaye hajawahi kuiona mashine ya kupiga picha ya jicho, ingeweza kusema: huyu mwiteni mapema.

Nimesema alitumaini. Msiende kuwaambia wagonjwa kwamba kipimo kipo. Kwenye rafu yenu hakipo, na kijana atakayesema kipo ni ndugu wa wale wauza chupa wa Kenol, ambao pia nitawafikia.

Aliyenifundisha mikono si Daktari Mutegi. Ni Mzee Gichohi wa maabara, ambaye alikuwa karibu kustaafu na hakuwa anampenda mtu yeyote. RNA inaharibika upesi kuliko maziwa. Jasho la kidole lina kitu kinachoila, na mate yana kitu kinachoila. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nagawa maji ya damu kwenye vichupa vidogo huku nikimsimulia harusi ya jirani yetu, jinsi meza ilivyovunjika mguu na keki ikaelekea kwa mchungaji. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Hata akacheka. Kisha akachukua vichupa vyote kumi na viwili, akavitupa.

"Umewatemea mate watu kumi na wawili," akasema. "Lakini harusi ilikuwa nzuri."

Tangu siku hiyo nilifanya kazi mdomo ukiwa umefungwa na barakoa juu yake. Ukigusa mlango, badilisha glavu. Ukigusa simu, badilisha glavu, na kwa jinsi ninavyowaona ninyi, kituo kitafilisika kwa glavu. Zungusha damu kwenye mashine kabla ya saa mbili kupita tangu itoke mkononi. Maji yanayobaki juu yawe ya njano safi, kama chai ya limau iliyochujwa vizuri. Halafu friza, haraka. Kama uko nje ya mji, boksi la barafu likae miguuni pako, si kwenye buti la gari pamoja na viazi ulivyonunua njiani. Na ukifika nyumba ya mgonjwa huko Kianyaga, ukaambiwa huondoki bila chai, kunywa, maana kukataa ni kumtukana mtu, lakini kunywa ukiwa umesimama na boksi umelishika. Watakucheka. Wacha wacheke.

Mzee Gichohi ndiye aliyenifundisha daftari pia. Mle ndani jina la mtu halimo, ni namba tu. Unaandika saa damu ilipotoka, saa ilipoingia friza na rangi ya maji yake. Mwisho wa mstari kuna nafasi tatu za tiki: mtu amekubali, sukari imepimwa, macho yametiwa dawa na kukaguliwa. Aliweka kidole chake kwenye zile nafasi tatu, akaniambia, "Kichupa hakijui kudanganya, Mama Wangari. Uongo unaingilia hapa."

Nilidhani anawasema wengine.

Sasa niwaambie kuhusu wagonjwa, maana mtakutana nao na watawashinda. Watu wetu wana ujinga mmoja ambao haumo kwenye vitabu vyenu. Siku ya kliniki wanaijua tangu mwezi uliopita, na siku tatu kabla yake wanaanza kujitayarisha. Chai bila sukari. Mboga za terere na managu bila ugali. Mwarobaini uliochemshwa hadi sufuria inageuka kijani. Asubuhi ya kliniki wanakuja wamepiga pasi, wanatoa kidole kama mtoto anayejua jibu darasani, namba inatoka nzuri, muuguzi anawasifu. Wakitoka hapo wanapitia hotelini, chapati mbili na chai ya vijiko vinne. Nimewakuta kwa macho yangu. Mmoja alinikaribisha kiti. Wanaidanganya mashine ambayo haina mke wala watoto, na haiumwi na chochote, wanarudi nyumbani wamefurahi kwamba wameishinda.

Wasomi nao wasijione. Tulipokwenda Nanyuki kuchukua damu, mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Mwislamu, mzee mpole, alikunja mkono wa kanzu yake na kuniuliza atajibiwa lini. Nilimwambia ataambiwa. Hakuambiwa. Nilimuuliza Daktari Mutegi mara mbili, naye akanijibu kwamba matokeo ya mtu mmoja mmoja hayana maana bado. Huenda ni kweli. Lakini mzee yule alikuwa amesema neno ambalo sijalisahau: hata yeye akimkataa ng'ombe wa mtu sokoni, humwonyesha mwenyewe mguu ulio na shida.

Hapo ndipo inabidi niwaeleze kazi ya Baba Wangari.

Wengi wenu hamjawahi kupeleka kahawa kiwandani, mnaijua kwenye kikombe tu. Mkulima akifika hapimiwi moja kwa moja. Anatandika gunia chini, anamwaga kahawa yake yote mbele ya watu, anapiga magoti na kuchagua: nyekundu huku, mbichi na zilizougua kule. Mkaguzi anapita, anainama, anaangalia. Akiridhika unakwenda kwenye mizani. Asiporidhika unarudi nyuma kuchagua upya, na foleni yote inajua. Baba Wangari alifanya kazi hiyo miaka mingi kuliko mimi yangu. Alikuwa na jicho la kuona punje moja mbichi katikati ya debe.

Mwaka wetu wa pili wa ndoa nilipeleka kahawa yetu nikijua mkaguzi ni mume wangu. Sikumwaga chochote. Nilikwenda mbele na ndoo zangu kama mke wa chifu.

"Mwaga," akasema.

Nikamwambia nimeshachagua nyumbani.

"Mwaga, mama."

Nikamwaga. Mbichi zilikuwa nyingi, kwa sababu kweli sikuwa nimechagua. Akaniambia nirudi nyuma ya foleni, mbele ya wanawake wa kijiji kizima. Mmoja wao akasema kwa sauti, "Ati huyu leo atapikiwa na nani?" Hakupikiwa. Alikula githeri baridi, mahindi na maharagwe ya jana, akanawa mikono, akaniambia kama mtu anayeeleza hali ya hewa kwamba kama angeipitisha yangu, kesho yake angekosa cha kumwambia mtu mwingine. Nilinuna wiki nzima. Tangu mwaka huo kahawa yetu haikuwahi kurudishwa tena.

Basi utafiti ulihitaji vikundi vitatu: wenye kisukari ambao macho yameharibika, wenye kisukari ambao macho bado mazima, na watu wasio na kisukari kabisa, wa kulinganishia. Kikundi hiki cha tatu kilikosa wanaume wa umri mkubwa. Wanaume wetu hawaji kliniki kama hawajabebwa. Daktari Mutegi alilalamika hadi nikachoka, nikamwambia nitamleta mume wangu.

Sikieni nilichokuwa nikijua siku hiyo. Nilijua kwamba mwaka uliopita, kwenye siku ya kupimwa bure kanisani, sukari yake ilikuwa juu. Alisema ni ile soda waliyopewa. Nami, mtu wa kazi hii, nikaikubali soda. Nilijua pia kwamba kwa siku tatu kabla ya kuja kituoni alikula terere bila ugali na kunywa chai kavu. Nani alimpikia terere? Mimi. Niliwacheka wagonjwa wa watu kwa jambo hilohilo, kisha nikarudi nyumbani nikaliweka kwenye sahani na kulipeleka mezani.

Alikuja asubuhi na mapema, hajala, koti limepigwa pasi. Sukari ilitoka chini kidogo tu ya mpaka. Kile kipimo kingine kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, ambacho hakidanganywi na terere, dawa zake za maabara zilikuwa zimetuishia mwezi huo. Nikamtoa damu mwenyewe. Kisha nikachukua ile dawa ya macho inayopanua mboni ili daktari aone nyuma ya jicho. Mnaijua: inawasha, na kwa saa kadhaa mtu haoni vizuri vitu vya karibu, na mwanga wa jua unamchoma. Akaona kichupa cha dawa mkononi mwangu, akachukua kofia yake.

"Hiyo hapana. Leo kahawa inaingia. Nikienda na macho ya ukungu nitapitisha takataka za watu."

"Ni masaa machache tu, Baba Wangari."

"Ni masaa ya kahawa. Mimi niko sawa. Wewe unaniona niko na shida?"

Nilimtazama. Niliona mwanamume aliyesimama wima, aliyenyoa ndevu, ambaye nilikuwa nimelala ubavuni mwake miaka thelathini na zaidi. Nikasema haya, utarudi wiki ijayo. Akaenda. Nikaandika namba yake, thelathini na saba. Kwenye nafasi ya tatu ya tiki, macho yametiwa dawa na kukaguliwa, nikaweka tiki. Mstari ukiwa na nafasi tupu kichupa hakiingii friza, na nilikuwa nimeahidi kuleta mzima mmoja. Wiki iliyofuata hakurudi, nami sikumkumbusha.

Damu yake niliishika vizuri kuliko damu yoyote niliyowahi kushika. Niliigeuza mara kumi bila haraka. Maji yalitoka njano safi. Niliandika "safi", nikaona fahari.

Baada ya miezi kadhaa Daktari Mutegi alikuja na karatasi zake, akaniambia kwamba vichupa vya wazima ni vizuri isipokuwa kimoja.

"Thelathini na saba kimeharibika, mama. Kiko na picha ya wagonjwa wa macho. Tumekitoa."

Nikamwambia hakiwezi kuwa kimeharibika, nimekishika mwenyewe, rangi iko daftarini. Akatabasamu vile wasomi hutabasamu. Akasema RNA ni kitu laini, hata jasho la kidole linaweza kuiharibu, nisijali, hutokea kwa kila mtu.

Kwangu halikuwa limetokea tangu ile siku ya harusi. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Na nilikuwa na haki. Nimeishi na maziwa maisha yangu yote: maziwa yakiharibika yanachacha, hayageuki kuwa maziwa ya ng'ombe wa jirani. RNA iliyooza ingepotea, ingebaki kidogo, ingekosa sura. Hiyo haikukosa sura. Ilikuwa na sura ya wagonjwa. Hilo mtu wa kidato cha pili aliliona palepale, na daktari mwenye digrii tatu hakuliona.

Na baada ya kuliona, mtu wa kidato cha pili alifanya nini? Alikwenda nyumbani akiwa amejaa hasira, akamsimulia mumewe jinsi kijana alivyoitukana mikono yake. Nilimwambia ni kichupa chake yeye. Baba Wangari akaweka kijiko chini.

"Ati damu yangu imeharibika? Damu ya mkaguzi?"

Tulicheka. Tulimcheka Daktari Mutegi pamoja, mezani, hadi Baba Wangari akapaliwa na chai, nami nikampiga mgongo. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba kichupa ni kizima. Kama kichupa ni kizima, basi mtu ndiye mgonjwa. Ni hatua moja tu, mtoto wa darasa la nne angeipiga. Mimi nilikuwa nimeshughulika na kutukanwa.

Msimu uliofuata akaanza kulalamika kuhusu nzi. Kiwandani kuna maganda ya kahawa na maganda yana nzi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kumwona mkaguzi akipunga mkono usoni. Alipunga pia nyumbani. Alipunga kanisani. Wakati huohuo wakulima wakaanza kumsifu kwamba uzee umemtia huruma, siku hizi harudishi kahawa ya mtu. Nililisikia hilo sokoni na kulipenda. Miaka mingi nilikuwa mke wa mtu anayeogopwa.

Hakuwa na huruma yoyote. Hakuwa anaona mbichi.

Aliponiambia mwenyewe kwamba nzi hao wana nyuzi, na hawatoki hata akifumba macho, nilijua. Nilimwambia twende kesho. Yeye alikuwa tayari amepitia Kenol, ambako jamaa mmoja mwenye kipaza sauti alimuuzia chupa ya kusafisha macho kutoka ndani, akaniomba kwanza aimalize. Nilimwachia siku nne. Nimemdharau mtu yule wa Kenol kwa maneno yote ninayoyajua, lakini yeye hakujua kilichokuwa nyuma ya jicho la mume wangu. Mimi nilikuwa nimefundishwa.

Siku ya tano aliamka jicho la kulia likiwa na pazia jeusi. Daktari wa macho alimtia dawa ileile aliyoikimbia, akaangalia. Damu ilikuwa imemwagika ndani, na ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho ilikuwa inavutwa. La kushoto lilikuwa limeanza zamani. Alipigwa miale ya leza, akadungwa sindano za jicho, tukasafiri mara nyingi. Mkimpata mtu mapema, vitu hivyo vinaokoa macho, nimeviona vikiokoa. Yeye hatukumpata mapema. Kufikia msimu wa pili alikuwa anajua mchana na giza, basi.

Nilikwenda kwa Daktari Mutegi, nikamfungulia daftari, nikamwonyesha tiki, nikamwambia ni ya uongo. Alikaa chini. Nitamtendea haki: hakunifokea, wala hakusema kwamba kichupa chake kilitabiri jambo. Alisema damu ya mtu mmoja haithibitishi kitu, na nanyi mlikumbuke hilo kabla ya kuisimulia hadithi yangu kama muujiza. Halafu akasema, "Ningejua hakukaguliwa, ningemwita. Niliona macho yamekaguliwa, nikasema basi ni kichupa." Akaongeza, "Na ningekuuliza mama, badala ya kukucheka."

Nilikata ile tiki kwa mstari mmoja, ili iendelee kusomeka, nikaandika pembeni: hakutiwa dawa. Nikaweka sahihi yangu. Mzee Gichohi alikuwa ameshakufa. Sikuwa na wa kumwonyesha.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mwenyewe. Nilichelewa kwa miezi, na sina kisingizio. Siku moja tulikuwa tumekaa nje, nachagua kahawa yetu kwenye gunia, naye ameketi kando, anazipapasa zile mbivu kwa vidole na kuniambia ipi imeiva kwa ulaini wake. Akaniuliza bila kugeuka ile damu yake ilikwenda wapi. Nikamwambia yote. Soda, terere, tiki, na kwamba siku ile tuliyocheka nilikuwa na hakika kichupa ni kizima.

Aliendelea kupapasa.

"Mimi nilikurudisha na kahawa yako mbele ya watu wote," akasema. "Wewe mbona hukunirudisha?"

Hata ninaloandika hapa si jibu. Hakuuliza tena. Aliniomba chai, nikampa, akashukuru kama siku zote. Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya hapo, hadi figo zilipofuata njia ya macho.

Mkuu wa kituo aliniambia nimalizie kwa kuwatia moyo. Basi nitawaambia la mwezi uliopita. Binti yetu Wangari ana sukari, ameirithi. Alikuja kuniona, nikamchukua hadi kituoni. Alikuwa amepiga pasi. Alikuwa amekula terere, nilijua kwa pumzi yake. Kijana mmoja wenu akamwendea na dawa ya macho, naye akasema hapana, ana gari, lazima afike Kianyaga kabla ya saa nane kuna mtu anamngoja, na kwani haonekani yuko sawa? Kijana akanitazama mimi, mama yake, mstaafu wa kituo. Nikaona kalamu yake inaelekea kwenye karatasi.

Nikamnyang'anya kalamu.

"Rudi ukae," nikamwambia Wangari, mbele ya foleni nzima. "Mtie dawa huyu."

Alikaa benchi yangu ya zamani hadi alasiri, mboni zimepanuka kama za paka, hawezi kusoma simu yake, hawezi kuendesha gari, kitambaa kichwani kuzuia jua. Wamama wa foleni walimcheka. Hakuniongelesha hadi tukafika nyumbani, na usiku akala githeri baridi aliyojipakulia mwenyewe.

Nyuma ya jicho lake la kushoto walikuta mishipa miwili inayovuja. Wameshaanza kuishughulikia.